Kabla hujapiga Windows, iulize kompyuta yenyewe

Kama unaisoma safu hii ukiwa ndani ya Hiace ya Kwa Mrombo, umebanwa kati ya mama mwenye ndoo ya mboga na mshikaji mwenye spika begani, basi pole na vumilia, karibu utafika. Leo nazungumzia maradhi ya kompyuta za majumbani. Naomba tuelewane mapema kwamba hili si jambo la wataalamu peke yao, maana kuna watu wanapoteza pesa kila siku hapa mjini, na kuna wengine wanapoteza vitu ambavyo hata ukiwa na pesa za kumwaga huvirudishi.

Zamani kwetu mtu akiumwa kichwa, malaria. Akiumwa mgongo, malaria. Akitapika kwa sababu kala nyama choma ya juzi, malaria vilevile. Anakwenda duka la dawa, ananunua vidonge, anameza, na kichwa kinaendelea kumgonga palepale kwa sababu alichohitaji ni miwani. Siku hizi ukifika zahanati wanakutoboa kidole kwanza, wanasoma kipimo, ndipo wanafungua mdomo.

Kwenye kompyuta bado tuko enzi zile. Laptopu ikiwa nzito, virusi. Ikizima ghafla, virusi. Betri ikidumu nusu saa, virusi hao. Na dawa ni moja Arusha nzima, kuanzia Sokoine Road mpaka Ngaramtoni: "Tupige Windows, bosi."

Kwa wasioijua lugha hiyo, kupiga Windows maana yake ni kufuta diski ya ndani ya mashine na kuweka Windows upya. Ni sawa na mtu aliyekuita umsaidie kumuua panya jikoni, wewe ukaibomoa nyumba na kumjengea nyingine. Panya kweli kaondoka. Lakini picha ya harusi ya wazazi iliyokuwa ukutani nayo imekwenda na kifusi.

Sisemi mafundi wetu ni wabaya. Wapo vijana hapa mjini wenye vichwa vya moto, wanaofufua mashine ambayo wewe ungeigeuza kigingi cha mlango. Ila fundi anayelipwa kwa kupiga Windows, kila kompyuta itakayoingia kibandani kwake ataiona inahitaji kupigwa Windows. Ni biashara. Kinyozi naye humuulizi kama nywele zimerefuka.

Sasa sikiliza mkasa huu. Mwezi uliopita, Alhamisi jioni, binti mmoja jirani yangu pale Sekei alinigongea mlango, laptopu kwapani, macho mekundu. Yuko mwaka wa mwisho chuoni. Kwa wiki saba alikuwa anapanda na kushuka mitelemko ya Mlima Meru, kule Poli, Akeri na Nkoaranga, akiwahoji wakulima wa kahawa kwa ajili ya ripoti yake. Mahojiano 42, yote ya sauti, aliyarekodi kwa simu. Simu ilipojaa akayahamishia kwenye flashi, na kule kwenye simu akayafuta. Nakala nyingine hana. Ripoti inatakiwa Jumatatu.

"Anko, virusi vimekula kazi yangu yote," akasema, na machozi yakaanza upya.

Nikamwambia, "Kaa chini kwanza mwanangu. Mwisho kuiona hiyo kazi ni lini?"

Asubuhi ya siku ile alikuwa ameichomeka flashi kwenye steshenari moja jirani na chuo ili aprinti kurasa tatu. Aliporudi hosteli na kuifungua, folda zake zote zilikuwa na kialama cha mshale mdogo pembeni, na ndani hamna kitu cha maana. Akakimbilia kwa fundi. Fundi akatazama nusu dakika akatoa hukumu: mashine ipigwe Windows, flashi iformatiwe, elfu thelathini. Binti alikuwa na elfu kumi na mbili. Hapo ndipo ufukara ulipomwokoa, maana angekuwa nazo hizo elfu thelathini, leo ningekuwa naandika habari nyingine.

Halafu akanieleza lililokuwa linamliza zaidi ya ripoti. Mmoja wa wale wazee aliowahoji amefariki wiki mbili baada ya mahojiano. Familia yake ilikuwa imempigia simu kuomba ile sauti, kwa sababu hawana nyingine. Yeye akawaahidi.

Mdudu aliyempata binti huyu tunamfahamu sana Afrika Mashariki, mafundi wanamwita virusi vya shotikati. Anachokifanya ni hiki, na ukikielewa hofu itapungua nusu nzima. Hali faili zako. Anazificha. Windows ina utaratibu wake wa kuzificha faili zinazohusu mitambo ya ndani ili watu wasizivuruge, na mdudu huyu anazibandika folda zako alama hiyohiyo, kwa hiyo hazionekani. Mahali pake anaweka vivuli vyenye majina yaleyale, na vivuli hivyo ndivyo vyenye mshale. Ukibonyeza kivuli, kwanza kinamwamsha mdudu aingie kwenye mashine yako, kisha kinakufungulia folda yako kama kawaida ili usishtuke. Kuanzia hapo kila flashi utakayoichomeka nayo inapata.

Mbona anahitaji kukudanganya ubonyeze? Kwa sababu zamani hakuhitaji. Miaka ya Windows XP flashi ilikuwa ikichomekwa tu inaweza kujiendesha yenyewe, na mdudu maarufu wa Conficker, aliyeanza kuonekana Novemba 2008, aliutumia mlango huo kusambaa duniani. Mwaka 2011 Microsoft ikaufunga hata kwenye zile Windows za zamani. Toka hapo wadudu wa flashi wanategemea kidole chako.

Basi, kipimo cha kwanza. Niliichukua ile flashi, lakini sikuichomeka kwenye laptopu yake. Niliichomeka kwenye mashine yangu ambayo ulinzi wake uko hai, na sikubonyeza folda yoyote. Nikaweka kishale juu ya alama ya flashi yenyewe, nikabonyeza upande wa kulia wa mausi, nikachagua Properties. Hapo inakuja duara inayoonyesha nafasi iliyotumika. Flashi ni ya GB 16, zilizotumika ni GB 6 na ushei. Wale vivuli wote wakijumlishwa hawafikishi hata MB 1, kivuli kimoja ni KB 1 au 2 tu. Sasa GB 6 ni za nani?

"Kazi yako ipo humu humu," nikamwambia. Hakuniamini. Na wewe usiniamini kwa mdomo, nenda kaangalie flashi yako. Ikionekana tupu huku duara inasema imejaa, vitu vipo. Ikionekana tupu na duara inasema tupu, hapo ndipo pa kuanza kuhangaika, na hata hapo usiandike kitu kingine chochote juu yake, kwa sababu kilichofutwa mara nyingi hurudishika mpaka siku utakapokiandika juu yake kitu kipya.

Nikaipima kwa Defender. Huyu ni mlinzi anayekuja bure ndani ya Windows yenyewe toka Windows 8 ya mwaka 2012, na kwa matumizi ya nyumbani anatosha, usikubali kuuziwa antivirusi ya kuchonga. Tena usiweke walinzi wawili kwa mpigo, watatazamana wao kwa wao na mashine itatambaa kama kinyonga. Unabonyeza kulia juu ya flashi, unachagua Scan with Microsoft Defender. Akakamata faili moja yenye jina la ajabu inayoishia na herufi vbs, akaiondoa.

Mdudu akishaondoka, faili bado zimefichwa, maana Defender hakuzi zile alama. Hapo unakwenda kwenye kisanduku cha kutafutia cha Windows, unaandika cmd, unabonyeza Enter. Linafunguka dirisha jeusi. Usiogope weusi wake. Andika hivi hivi, pamoja na nafasi zake:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Hiyo E ni herufi ya flashi kwenye mashine yangu. Yako inaweza kuwa D, F au G, itazame kwanza, usije ukaifumua diski ya ndani ya kompyuta. Ile -h inaondoa alama ya kufichwa, -s inaondoa alama ya kujifanya faili ya mitambo, -r inaondoa alama ya kusomwa tu, na zile mbili za /s /d zinaiambia iingie mpaka vyumba vya ndani kabisa. Ukishabonyeza Enter, subiri bila papara. Flashi yenye vitu vingi inaweza kuchukua dakika kadhaa bila kukusemesha neno.

Tukafungua. Folda zake zote zile pale, nyeupe pe, zimekaa jirani na vivuli vyake. (Usishtuke ukikuta folda isiyo na jina kabisa. Kuna aina ya mdudu huyu anayesomba kila kitu na kukitupia humo.) Tukahamisha folda za kweli tu, hatukugusa chenye mshale, hatukugusa kinachoishia lnk, vbs, js wala exe ambayo mwenyewe haijui. Baada ya hapo tu ndipo flashi ikaformatiwa.

Mahojiano yote 42 yalikuwepo. Binti akatafuta namba 29, akaifungua. Mzee anaongea Kiswahili kilichochanganyika na Kimeru, jogoo anawika nyuma yake, anaulizwa habari za kahawa lakini yeye anasimulia alivyokuwa mtoto mwaka 1951 walipohamishwa kwa nguvu Engare Nanyuki, ile kesi ya ardhi ya Wameru ambayo Kirilo Japhet aliifikisha Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Tulisikiliza mpaka mwisho, chai ikapoa. Usiku uleule nakala moja ikaenda kwa familia, moja kwenye barua pepe yake, moja nikabaki nayo mimi mpaka leo.

Ilibaki laptopu. Na hapa ndipo napenda vijana wanisikilize zaidi, kwa sababu malalamiko yake yalikuwa yale yale ninayosikia kila kona: "Anko, hata kabla ya hivi virusi ilikuwa nzito sana, na ni Core i7, kaka yangu aliinunua ghali."

Kompyuta, tofauti na muuzaji wa kompyuta, ukiiuliza umri wake inakwambia. Shika kitufe cha Windows kwenye kibodi na herufi R kwa pamoja. Kinakuja kisanduku kidogo. Andika winver, utaambiwa una Windows ipi. Rudia, andika msinfo32, hapo unapewa wasifu mzima: aina ya mashine, prosesa, kiasi cha RAM kilichofungwa, na tarehe ya BIOS, yaani ile programu ya kwanza kabisa inayoamsha mashine. Tarehe hiyo inakupa fununu ya umri, ingawa aliyewahi kuisasisha BIOS atakuwa ameisogeza mbele.

Ya binti yetu ilisema hivi: prosesa Intel Core i7-3520M, RAM GB 4, BIOS ya 2013. Kaka mtu alikuwa ameambiwa GB 8 na "ni kama mpya, imetoka Ulaya juzi tu." Kutoka Ulaya juzi inawezekana kweli. Hata mimi nimetoka Moshi juzi, lakini sikuzaliwa juzi.

Ujanja uko kwenye zile tarakimu baada ya kistari. Kwa prosesa za Intel za Core kizazi cha 2 mpaka cha 9, tarakimu nne zikifuata, ya kwanza ndiyo kizazi. Hivyo i7-3520M ni kizazi cha 3, cha mwaka 2012. Mashine yenye i5-8250U ni kizazi cha 8. Ukiona i3-1215U, hizo ni mbili za mwanzo, 12, kizazi cha 12, iliyotoka 2022, na i3 hiyo inayodharauliwa itaiacha vumbini ile i7 ya babu. Stika ya i7 pale kwenye kiganja cha laptopu haisemi uongo. Inasema tu ukweli wa miaka mingi iliyopita, kama mjomba anayesimulia alivyokuwa winga hatari wa shule.

Baada ya hapo bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Linakuja dirisha linaloitwa Task Manager, linaloonyesha nani anakula nini ndani ya mashine. Kama linakuja dogo, bonyeza palipoandikwa More details. Ile ya binti diski ilikuwa inasoma asilimia 100 muda wote, RAM asilimia 90 na kitu, huku prosesa imekaa haina kazi. Mtu hahitaji digrii kulisoma hilo. Diski yake ni ya zamani ya kuzunguka kama santuri, na RAM ni ndogo, kwa hiyo mashine inakimbilia diski kila dakika kuazima nafasi. Hakuna kirusi hapo. Ungepiga Windows mara kumi, baada ya wiki mbili ingerudi kuwa nzito palepale, na ungelipa tena. Dawa yake ni kuiongezea RAM na kuiwekea diski mpya ya SSD, kazi ya nusu saa kwa fundi mwenye bisibisi nzuri.

Betri nayo inapimika. Kwenye lile dirisha jeusi andika powercfg /batteryreport, itakuambia imehifadhi taarifa wapi, ifungue. Tafuta palipoandikwa Design Capacity, yaani uwezo iliozaliwa nao, na Full Charge Capacity, uwezo iliobaki nao. Kama ilizaliwa na 50,000 na sasa inajaa 14,000, betri imezeeka, mwache shetani na virusi vyake wapumzike. Kipimo hiki mimi huwa nakifanya dukani, mbele ya muuzaji, kabla sijatoa pochi. Muuzaji safi hakasiriki. Anayekuambia "bosi mbona unanipima kama daktari" tayari ameshakujibu.

Kuzima ghafla je? Hapa mjini kiangazi vumbi linaingia mpaka kwenye sukari, sembuse kwenye feni ya laptopu. Feni ikiziba, prosesa inapata homa, mashine inajizima kujiokoa. Weka kiganja pale inapotoa hewa. Ikiwa inawaka moto na upepo hautoki, peleka ikapulizwe. Na usiiweke juu ya blanketi Julai ukisingizia baridi ya Meru, blanketi linaziba matundu ya chini.

Lakini virusi vipo kweli, nisije nikaonekana navitetea. Vina umri mkubwa kuliko wasomaji wangu wengi. Kile kilichofungua njia kwenye kompyuta aina ya PC, Brain, kilitengenezwa mwaka 1986 na ndugu wawili wenye duka la kompyuta Lahore, Pakistani, na jamaa hawakuona haya, wakaweka humo majina yao, anwani na namba ya simu. Mei 2000 kikaja kile cha barua pepe ya "nakupenda" kutoka Ufilipino, kikavuruga maofisi ulimwenguni kwa sababu hakuna binadamu anayeletewa barua ya mapenzi akaacha kuifungua. Mei 2017 ikawa WannaCry, na hiyo haikuwa na mapenzi. Ilizifunga faili kwa kufuli la hesabu na kudai ulipe. Kompyuta zaidi ya laki mbili katika nchi kama 150, hospitali za Uingereza zikiwemo, na walioumia ni wale ambao hawakuwa wamesasisha Windows zao, maana kiraka cha tundu lile Microsoft ilikitoa Machi mwaka huohuo.

Ukikutana na ndugu wa WannaCry utamtambua. Majina ya faili yanabadilika mkia, na kuna karatasi ya maelezo inayokutaka ulipe bitcoin. Hapo attrib haisaidii, faili hazikufichwa, zimefungwa. Chomoa intaneti, zuia pupa ya kulipa, kisha kwa mashine nyingine ingia nomoreransom.org. Hiyo tovuti ilianzishwa 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za ulinzi wa kompyuta, inatoa bure funguo za baadhi ya makufuli. Baadhi, si yote.

Wanaingiaje nyumbani kwako? Kwa uzoefu wangu wa hapa mjini, wa kwanza ni flashi ya steshenari. Usiwalaumu sana, kompyuta moja inapokea flashi za chuo kizima kuanzia asubuhi. Itume kazi kwa barua pepe au WhatsApp waiprinti kutoka huko, flashi ibaki mfukoni. Wa pili ni kreki, vile viprogramu vya kuifungua Windows au ofisi ya wizi bila kulipa. Ona kreki inachokuomba kabla ya kitu kingine chochote: "zima Defender kwanza." Mgeni anayebisha hodi usiku na sharti lake la kwanza ni umfunge mbwa, wewe unamfungulia mlango?

Ndicho nilichokikuta kwenye laptopu ya binti. Defender amezimwa toka siku mashine iliponunuliwa. Tukamwasha, tukampa bando asasishe orodha yake ya wadudu, tukachagua ule upimaji unaoitwa Microsoft Defender Offline. Huu unaizima mashine na kuipima kabla Windows haijaamka, wadudu wakiwa bado usingizini, unachukua kama dakika 15. Ukapata kijifaili kimoja kilichokuwa kinaamka kila asubuhi na Windows. Basi, kazi ikawa imekwisha, na elfu kumi na mbili zake akabaki nazo.

Kuna jambo lingine la kinadada hasa, ingawa na wanaume wanalo. Laptopu ina picha zako, ina meseji zako, na password zote umeshazihifadhi humo. Unamwachia mtu usiku kucha kibandani. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamhukumu anayeingia kwenye mfumo wa kompyuta ya mwenzake bila idhini, lakini picha ikishasambaa sheria hairudishi kitu. Kaa hapohapo fundi akifanya kazi, kunywa soda. Kama lazima iachwe, toa vya siri kwanza.

Nimalizie na swali la msomaji wa Usa River. Anauliza: laptopu yake imemwandikia kwamba Windows 10 imefika mwisho, je, hicho nacho ni kirusi?

Hapana ndugu yangu, hilo ni kweli. Microsoft iliacha kutoa viraka vya kawaida vya Windows 10 Oktoba 14, 2025. Mashine haifi, itaendelea kuwaka, ila matundu mapya hayazibwi. Kwa wa majumbani walitoa mwaka mmoja wa nyongeza, mpaka Oktoba 13, 2026, kwa anayejiandikisha kwenye ukurasa wa Windows Update. Kuhamia Windows 11 kunataka RAM isiyopungua GB 4, diski ya GB 64, kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, na kwa Intel kwa kawaida kizazi cha 8 kuendelea. Fungua msinfo32 usome prosesa yako, kisha kwenye kile kisanduku cha Windows na R andika tpm.msc uone kama unacho na ni toleo gani. Ukikosa, kuna Linux Mint, ni ya bure, na kwa kuandika, kusoma na kuangalia sinema inakwenda vizuri hata kwenye mashine ya kizazi cha 3, RAM ikiongezwa. Ila kama ujumbe uliouona ulikuja ndani ya kivinjari, ukakupa namba ya simu ya kupiga na king'ora kinalia, hao ni matapeli. Funga dirisha, usipige.